Mtu wako kaambiwa apandikizwe uboho kwa sababu ya limfoma? Soma hii kabla hujakata tiketi ya India

Mdogo wangu alipoambiwa limfoma, kansa ya matezi, imerudi, daktari wa Nairobi akataja kupandikiza uboho na sote mle chumbani tukawaza kitu kimoja, operesheni. Mama akauliza atapasuliwa wapi. Mimi nikaanza kuhesabu kichwani ni nani kwetu mwenye damu kama yake. Kumbe hakuna kisu, hakuna wa kutoa, seli zinatoka kwake mwenyewe na zinarudi kwake mwenyewe, na hata hizo seli hazitibu kansa. Hilo la mwisho lilinichukua wiki nzima kuelewa kwa hivyo naanza nalo, manake ukishalishika mengine yanakaa sawa.

Limfoma inauliwa na kemo. Shida ni kwamba ikirudi mara ya pili inakuwa jeuri, inataka dozi kubwa mno, na dozi ya namna hiyo inaunguza uboho wa mifupani ambako damu yote hutengenezwa, yaani ungemaliza ugonjwa na mwenye ugonjwa pamoja. Sasa wanachofanya ni kuzitoa seli shina zake (stemu seli, zile zinazozaa damu) mapema, wanazigandisha, wanampiga hiyo dozi, halafu wanamrudishia seli zake zikaanzishe uboho upya. Kazi yake ni kumuokoa na dawa, basi. Kwa hivyo ukikutana na mtu anakuuzia stemu seli za kutibu kisukari na magoti na nguvu za kiume hiyo ni biashara ingine kabisa, mpite.

Na sio kila limfoma hufika huku. Wa aina ya Hodgkin wengi hupona kwa kemo ya kwanza, ile ya ABVD, na wa aina ya seli B kubwa wengi hupona kwa R-CHOP. Kupandikiza kunakuja ikirudi, ama ikikataa kusikia dawa tangu mwanzo. Hata hapo kuna mtihani kwanza, anapewa kemo ya kati, kwetu ilikuwa ICE lakini wengine hupewa DHAP ama GDP, mizunguko miwili mitatu hivi, halafu PET skani, ile picha inayoonyesha ugonjwa unawaka wapi. Ugonjwa ukiwa umezima au karibu kuzima, mnaendelea. Ukiwa bado unawaka msilazimishe, ataingia mateso yote yale na limfoma itamsubiri nje ya mlango, bora watafute dawa ingine ya kuuzima kwanza. PET skani zipo Nairobi sikuhizi, Aga Khan na hospitali ya Kenyatta University, hiyo moja hamna haja ya kuipandia ndege.

Mjomba alitaka namba, yeye ni fundi wa magari hakubali maneno matupu. Daktari akamtolea utafiti unaitwa PARMA wa 1995, wa watu waliorudiwa na limfoma kali zisizo za Hodgkin lakini ambazo bado zinasikia dawa. Miaka mitano baadaye waliopandikizwa na wakakaa bila ugonjwa kurudi walikuwa 46 kwa 100, wa kemo tupu walikuwa 12. Kwa Hodgkin ni kama nusu ya watu hukaa sawa, na PET ikiwa safi kabla ya kuingia inakuwa zaidi. Mjomba akasema gari la hivyo yeye angelinunua.

Neno moja kwa wale wa seli B kubwa iliyorudi ndani ya mwaka mmoja: ulizeni kuhusu CAR-T, yaani seli za kinga za mgonjwa zinabadilishwa maabara zikaishambulie limfoma, kabla ya kukubali kupandikiza. Marekani iliruhusiwa 2017, India wana ya kwao imepitishwa 2023, na kwa kundi hilo inaweza kuwa bora. Bei yake sasa... ulizeni tu.

Makaratasi, na kile kitu cha nta

Mdogo wangu kabla ya yote alitibiwa TB miezi sita. Matezi ya shingo, jasho la usiku mpaka shuka inakamuliwa, homa, kukonda, hospitali moja sitaitaja wakamwanzishia vidonge bila kukata tezi. Silaumu sana, zinafanana kweli, lakini nasema kwa sababu huko mnakoenda watauliza swali la kwanza: tezi lilikatwa lote au walichoma sindano tu? Sindano mara nyingi haitoshi kusema ni limfoma gani. Wanataka bayopsi yenyewe waisome upya.

Kwa hivyo nenda maabara iliyosoma bayopsi uombe bloku. Ni kijipande cha nta kikubwa kama kiberiti hivi, ndani mna ile nyama ya tezi. Usikubali kuambiwa ripoti inatosha, na anza mapema manake mimi nilizungushwa siku nne. Ukishaipata iweke kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku la kupakiwa chini, ndani ya bahasha nzito mbali na jua. Nta ikiyeyuka imekwenda. Pamoja nayo beba slaidi, sidii za skani zote (picha zenyewe, sio karatasi ya majibu peke yake), na orodha ya kila kemo aliyopewa na dozi na tarehe. Hiyo orodha andikisha kwa daktari, manake kuna dawa zina kikomo cha maisha, ile nyekundu ya ABVD inagusa moyo na bleomisini inagusa mapafu, lazima wajue keshakula kiasi gani.

Homa ya manjano imewakamata wengi. India inataka ile kadi kwa mtu anayetoka Kenya, asiye nayo anaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Sasa chanjo yenyewe ina virusi hai waliodhoofishwa, na mtu aliye kwenye kemo hachomwi kitu hai. Kama aliwahi kuchanjwa zamani itafuteni kadi, inatambulika maisha yote. Kama hakuwahi, daktari anamwandikia msamaha wa kiafya na mnauliza ubalozi wao kabla ya kukata tiketi, sio baada. Wewe msindikizaji wewe kachanjwe, siku 10 au zaidi kabla ya safari.

Viza ni ya matibabu, mnaomba mtandaoni, na wasindikizaji wawili wanaruhusiwa na viza yao. Inatoa siku 60. Kupandikiza na vipimo vya kabla na kukaa karibu na hospitali baadaye ni miezi miwili mpaka mitatu, kwa hivyo siku zitakatika mkiwa bado huko, kaongezeni kwenye ofisi ya wageni yao inaitwa FRRO, ni mtandaoni pia, hospitali inatoa barua. Msingoje wiki ya mwisho, hiyo ndo wiki mgonjwa atakuwa na homa na wewe huna akili ya kujaza fomu.

Pesa

Hapa hatuongei laki, ni mamilioni ya Kenya. Harambee tulifanya, kundi la watsap la watu 240, na kitu kilichotusaidia ni binamu yangu mmoja mkali aliyekuwa anatuma hesabu kila Ijumaa, kilichoingia kilichotoka, watu walichanga mara ya pili kwa sababu ya hesabu ile.

Kisha kuna madalali. Wanakupigia simu utamu mtupu, "hospitali nzuri nitakupeleka mimi", na wengine ni waaminifu lakini kamisheni inatoka kwenye bili yako tu. Andikia kitengo cha wagonjwa wa nje ya nchi cha hospitali wenyewe, hospitali tatu hata nne, uombe makisio kwa maandishi. Kisha usisome ile namba kubwa ya chini, soma kilichoachwa. Kwetu makisio ya bei rahisi yalikuwa hayana sindano ya plerixafor (ya kusukuma seli zitoke, nitaieleza), hayana kugandisha seli, hayana damu na pleteleti (chembe za kugandisha damu), na yalihesabu siku 18 tu za wodi. Tulipojumlisha ikawa ndiyo ghali kuliko zote. Uliza pia ICU ni kiasi gani kwa siku, isije ikakushukia usiku.

SHA, bima ya afya ya serikali, nendeni mkaulize kabla ya kusafiri, na fomu ya rufaa ya nje ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, anaijaza daktari wenu wa hapa. Ukisharudi na risiti ukadai, utaongea na ukuta.

Kabla hajaingia

Kuna wiki ya vipimo, moyo, mapafu, figo, meno (jino bovu ling'olewe sasa hivi, baadaye ni lango la maambukizi), hepataitisi, HIV. Na hapa niseme wazi kwa sababu nimeona watu wakificha: kuwa na HIV hakuzuii kupandikizwa seli za mwenyewe, watu wenye virusi wakiwa wamedhibitiwa hupandikizwa na hutoka vizuri. Ila taja kila kidonge cha ARV, kwa sababu kuna zinazogongana na kemo na kuna kama zidovudini inayokandamiza uboho yenyewe. Vilevile taja mwarobaini, habasoda, na vile vichupa alivyoleta shangazi. Daktari wetu hakucheka wala kukasirika, aliviandika vyote halafu akasema viache mpaka nikuambie.

Halafu likaja la watoto. Daktari akamuuliza mdogo wangu, una watoto? Hana. Utataka? Kimya. Ana miaka 27, dada yake kakaa pembeni na daftari, atasema nini? Nikatoka nikajifanya nakwenda kutafuta maji, nikampigia mjomba Mombasa nikamwambia mpigie sasa hivi. Wakaongea dakika kumi. Kesho yake akaenda akahifadhi mbegu. Hii dozi inaweza kuua uzazi kabisa, mwanamume ahifadhi mbegu na mwanamke aulize kuhusu mayai, na kwa mwanamke inahitaji muda zaidi kwa hivyo swali liulizwe wiki ya kwanza. Kama daktari hakuuliza, ulizeni nyinyi. Na wewe ndugu, jua wakati wa kutoka chumbani.

Kuvuna seli

Anachomwa sindano za filgrastimu siku nne tano mfululizo, zinalazimisha seli shina zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Mgongo na nyonga vitauma, maumivu ya kupwita, mdogo wangu alisema kama mtu anapiga ngoma ndani ya mfupa. Panadol ilimsaidia kidogo. Zikichelewa kutoka wanaongeza ile plerixafor niliyosema, usiku, na ni sindano ya gharama hasa.

Siku yenyewe anaunganishwa na mashine kwa laini ya shingoni, damu inatoka upande mmoja inazungushwa, seli zinachujwa, nyingine inarudi upande wa pili. Masaa manne matano. Akikwambia midomo inawasha na vidole vinakufa ganzi mwite sista, ni ile dawa ya kuzuia damu isigande inashusha kalsiamu, wanampa kalsiamu inaisha. Msipeleke maji mengi sana ya kunywa, chooni haendi!

Jioni maabara wanaleta namba ya CD34, ndo hesabu ya seli shina zilizovunwa. Kiwango cha chini ni seli milioni 2 kwa kila kilo ya mwili, wengi wanapenda kufika 5. Siku ya kwanza tulipata 2.9, ya pili 2.4, nikahesabu kwa kalamu mara tatu: 5.3. Zikaenda kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi karibu 196 chini ya sifuri.

Siku sita za dawa

Dozi inaitwa BEAM, dawa nne. Siku wanazihesabu kinyumenyume, sita kasoro, tano kasoro, mpaka siku sifuri. Ya kwanza kamustini, inayeyushwa kwa alkoholi na uso ukamwiva akawa kama kalewa kidogo, tukacheka kidogo. Kisha siku nne za etoposaidi na sitarabini. Ya mwisho melfalani na hii ndo nataka uisikilize vizuri kwa sababu kuna kazi unayoweza kufanya kwa mikono yako: barafu. Kabla ya dripu kuanza, ikiwa inaingia, na baada yake, kinywa kisikae bila barafu. Mishipa ya mdomo inasinyaa kwa baridi, dawa inafika kidogo, vidonda vinapungua. Barafu iwe ya maji ya hospitali. Alilia meno yanamuuma, nikamwambia nyonya, dada nimechoka, nyonya. Mgonjwa wa chumba cha pili alikataa barafu na siku nane baadaye alikuwa hamezi hata mate.

Siku sifuri

Hii siku hutarajii itakavyokuwa ndogo. Wanaleta kopo linafuka moshi kama wa barafu kavu, ndani mna kimfuko bapa, wanakitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu pale pale kando ya kitanda, kinabadilika kutoka kigumu kuwa kimiminika rangi ya nyanya ya kopo, sista anakiunganisha na laini, dakika kumi kimeisha. Mifuko minne, saa moja na ushei yote imekwisha. Na chumba kikaanza kunuka. Ni dawa ya kuhifadhia seli inaitwa DMSO inatokea kwenye pumzi, harufu ya kitunguu thomu na mahindi ya kopo, mgonjwa mwenyewe haisikii sana ila wewe utaisikia siku mbili. Pipi ya limau mdomoni ilimsaidia na kichefuchefu. Mkojo kuwa mwekundu siku hiyo ni kawaida, waambieni tu.

Masista walimuimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mimi walikuwa wananiita akka, ndo dada kwa Kitamil, tulikuwa Chennai.

Halafu mnangoja

Hizi ni siku kama kumi hadi kumi na nne na hakuna mtu atakusimulia zilivyo. Kila asubuhi saa kumi na moja wanatoa damu, saa tatu majibu. Wote wodini wanaulizana "kaunti?" na mdogo wangu siku ya kwanza akaniuliza hawa wanaulizana mambo ya gavana? Kaunti ni hesabu ya seli. Nyeupe zitashuka, 3,000, 900, 200, kisha siku kadhaa 100 au chini yake, mtu hana askari hata mmoja mwilini. Nilikuwa naandika ukutani kwa peni ya maka. Pleteleti zikishuka chini ya 10,000 anaongezewa, damu pia ikipungua, na zote lazima ziwe zimepigwa mionzi, soma lebo ya mfuko hata kama sista keshaisoma. Hospitali wanaweza kukutaka ulete watu wa kutoa badala ya zile zilizotumika, na wewe huko humjui mtu. Tulisaidiwa na wanafunzi wa Kiafrika wanaosoma huko, tafuta kundi lao la watsap wiki ya kwanza tu mkifika, wapo, na wanajua hata duka la unga wa ugali.

Homa itakuja. Kwetu siku ya sita, saa tisa usiku, 38.3. Kipimo ni 38, ikigonga hapo usingoje asubuhi, usimpe Panadol ukaificha, bonyeza kengele, antibayotiki inatakiwa iingie ndani ya saa moja. Ataharisha, atakataa chakula, nywele zitabaki kwenye mto. Vidonda vya mdomo wakimpa mofini asiikatae kwa kuogopa kuzoea, akitulia ndo anameza na kusukutua, mara nne tano kwa siku kwa maji ya chumvi au wanayompa, na mswaki laini sana.

Kazi yako ni usafi. Mikono, mikono, mikono. Choo chako sio chake. Ukianza mafua utoke chumbani hata kama roho inakuuma. Chakula ni cha kupikwa na kuliwa moto moto, hakuna saladi, hakuna maziwa mgando, hakuna achari wala mabuyu, hakuna dafu lililokatwa nje. Mama alikuwa amefunga kichupa cha kombe, yale maji ya dua, limesomewa na maalim wetu na alilibeba mpaka airport mwenyewe. Nilipomuuliza daktari akasema chochote ambacho hakikuchemshwa kisiingie mdomoni sasa. Sikulimwaga, ningelimwagaje, nikaliweka kabatini, na Mama nikamwambia ukweli. Alinyamaza kwenye simu kisha akasema basi atalinywa akitoka. Alichokuwa anakula ni uji mwepesi na viazi vya kupondwa, na siku moja akaota pilau akaamka analia.

Siku ya tisa kaunti 100. Ya kumi 300. Ya kumi na moja 900 na nyutrofili, zile nyeupe za kupigana na bakteria, 560. Zikikaa juu ya 500 siku tatu mfululizo wanasema seli zimeshika. Vidonda vikapona kama mtu kafuta ubaoni, hiyo sikuitegemea, nyeupe zikirudi mdomo unapona kwa siku mbili.

Nyumbani

Msikimbilie ndege. Tulikaa chumba cha kupanga karibu na hospitali mpaka siku ya 32. Dawa za kumeza anaondoka nazo, asiklovia ya kuzuia mkanda wa jeshi, kwa kawaida mwaka mzima au hata zaidi, na septrini ya kuzuia nimonia. Msiziache kwa sababu anaonekana mzima.

Airport Mombasa walikuja watu kumi na saba. Nilikuwa nimeshaandika kwenye kundi: hakuna kukumbatia, hakuna watoto wenye makamasi, nani ana tetekuwanga nyumbani aseme. Walinuna. Mjomba akawapanga kama foleni ya benki, wakampungia mkono mmoja mmoja.

Pwani kuna malaria kwa hivyo alale ndani ya neti, na homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo, wampime malaria NA wamtoe damu ya kuotesha, isije ikaonekana malaria kidogo wakamrudisha nyumbani na bakteria mwilini. Tuliandika kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi, kapandikizwa lini, damu yake ipigwe mionzi, namba ya daktari. Kingine wengi hawaambiwi: ile kamustini inaweza kuchoma mapafu wiki kadhaa hata miezi baadaye. Kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi, asitibiwe kama mafua wala asirudishiwe vidonge vya TB kwa kubahatisha, waambie alipewa kamustini, inatibika kwa steroidi ikiwahiwa. PET ya kwanza huwa kama siku ya 100. Ya kwetu ilikuwa safi, nimeiandika hapa kwa mstari mmoja lakini siku ile sikuweza kuendesha gari.

Kuhusu seli za mtu mwingine, hiyo hupewa wale ambao limfoma imerudi hata baada ya hii, au aina fulani zinazoitaka. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kwa 4 ya kufanana kabisa, na sikuhizi hata mzazi, mtoto, ndugu wa kufanana nusu anatosha. Inaweza kupigana na limfoma yenyewe, hapo seli zinafanya kazi ya kutibu kweli, lakini zinaweza kumgeukia mwenyeji zikashambulia ngozi, ini, matumbo. Ni safari ingine, ndefu na hatari zaidi, msiichanganye na hii. Na ukisikia hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma wanapandikiza uboho, ni kweli, walianza 2023, lakini walianza na watoto wa selimundu.

Chanjo sasa. Kemo ile imefuta kinga nyingi alizochanjwa utotoni, anaanza upya, nimonia, pepopunda, polio ya sindano, hepataitisi, kuanzia kama miezi mitatu hadi sita, mtapewa barua yenye ratiba. Zile hai kama surua na homa ya manjano hapana mpaka miaka miwili ipite na daktari akubali. Tulikwenda na barua yetu kwenye kliniki ya karibu, benchi limejaa kina mama na vichanga, mdogo wangu ndevu zimeanza kuota tena vipara vipara. Nesi akaita jina lake, akaangalia huku na huku, akaniuliza mimi mtoto yuko wapi. Mdogo wangu akanyoosha mkono.